UTA WA MWATA NA UTA WA MCHINA

Msomaji mmoja wa Kawangware ameuliza kama ni kweli kwamba Wachina wa kale walikuwa na uta uliofyatuliwa kwa kidole mfano wa bunduki, na kama ulikuwa bora kuliko huu anaouona mkononi mwa mlinzi wa usiku akienda zamu. La kwanza ni kweli. La pili lahitaji maneno kidogo.

Uta wa Mchina ulifungwa mbele ya ubao wenye mfuo wa kulazia mshale. Askari aliukanyaga kwa miguu, akavuta upote kwa mikono yote miwili hata ukashikwa na jino la shaba. Hapo kazi ya nguvu ilikwisha: aliweza kungoja, akalenga kwa utulivu, kisha akabonyeza kifyatulio, jino likalala na mshale ukaenda zake. Kifyatulio chenyewe kilikuwa vipande vichache vya shaba iliyochanganywa na bati. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an waligundua jeshi la udongo la Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 K.K., na humo vikapatikana vifyatulio vingi vya namna hiyo.

Faida yake kubwa ilikuwa kwamba mtu aliyetolewa shambani aliweza kufundishwa kwa muda mfupi. Mwanahistoria Sima Qian asimulia kwamba huko Maling, mwaka 341 K.K., Sun Bin aliwaficha wapiga uta wa namna hii kando ya njia nyembamba, akawaamuru wafyatue wote pamoja watakapoona mwenge ukiwashwa gizani. Adui yake Pang Juan akauwasha mwenyewe.

Kwetu Kenya sijui uta uliozidi ule wa Wata, walioitwa pia Waliangulu, wawindaji wa ndovu katika nchi ya Tsavo. Kuuvuta kulitaka nguvu ya ratili 100 na zaidi, na nguvu hiyo yote ilishikwa kwa vidole, pasipo jino la shaba la kumpokea mtu mzigo. Mshale ulipakwa sumu ya msunguti, ambayo Wagiriama walisifika kwa kuipika, nayo ikiingia damuni husimamisha moyo. Lakini mtu hakuweza kuokota uta ule leo akautumia kesho. Alikua nao tangu utotoni. Miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkali huko Tsavo, na wengi wa mafundi hao wakatiwa gerezani. Kifyatulio cha shaba chaweza kulala ardhini miaka 2,000 kikachimbuliwa. Ujuzi wa mkono wa Mwata ulikuwa ndani ya mwili wake tu.

Wanubi wa Kibera wataelewa upesi. Babu zao waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa askari wa K.A.R., watu wa bunduki na safu, na uta wa Mchina ulikuwa silaha ya safu: hawa wakifyatua, wale wapakia. Ama mlinzi wa Kawangware hana safu. Yu peke yake langoni, na akikosa mshale wa kwanza, mwizi hatamngoja akanyage uta, avute upote kwa mikono miwili na kuweka mwingine. Heri abaki na uta wake.