Gitaa, Kompyuta na Masikio ya Mwanafunzi

Juma hili tunajibu swali ambalo vijana wa kwaya wametuuliza zaidi ya mara moja: anayeanza kujifunza gitaa kwa kompyuta achague programu gani? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa anayechagua programu huwa amekwisha kuchagua mwalimu, na pamoja naye nyimbo atakazofundishwa.

Programu zinazosifiwa sana hufanana. Yousician ya Finland, kwa mfano, husikiliza kwa maikrofoni na kumwonyesha mwanafunzi papo hapo kama amegusa uzi sahihi kwa wakati wake. Ni jambo jema. Katika majuma ya mwanzo, vidole vinapouma, sifa ndogo humzuia mtu asilitupe gitaa uvunguni. Lakini huduma kamili hulipiwa, na kijana asiye na kipato ataanza kuhesabu fedha badala ya mapigo. Maikrofoni nayo haipendi kelele: mvua ikipiga bati, hata mpigaji hodari huenda akaambiwa amekosea. Zaidi ya hayo, kijana wetu aweza kumaliza masomo yote akijua nyimbo za Marekani na Uingereza, asijue hata moja ya Tabora Jazz.

Hilo la mwisho ndilo linalotusumbua. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na waliopiga magitaa hayo wanazidi kupungua.

Kwa hiyo tunashauri Audacity. Ni programu ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Haikutengenezwa kwa ajili ya gitaa, bali kwa kurekodi na kuhariri sauti. Ila inaweza kupunguza mwendo wa wimbo bila kuishusha sauti yake, na kurudia kipande cha sekunde 5 hadi sikio likikamate. Mwendo usipunguzwe mno. Asilimia 70 au 80 ya ule wa asili yatosha, maana chini ya hapo nyuzi huanza kusikika kana kwamba zimezama majini.

Aanze na nani? Na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga. Msituambie tunakwenda mbali! Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo haikuishia Tabora. Wako waliofuata njia ya Ujiji, na wako walioelekea Katanga. Mmoja wao alikuwa Msiri, mfanyabiashara kutoka huku Unyamwezini, ambaye katika karne ya 19 alijenga ufalme wake Bunkeya. Watu aliokwenda nao ndio chimbuko la Bayeke, na Mwenda ni wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akipiga Masanga na kuimba kwa Kiswahili. Alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, lakini asikilizaye hudhani ni watu wawili. Mwendo ukipunguzwa siri hufunguka: gumba lashika nyuzi nene, shahada yacheza juu yake. Mwanafunzi ajifunze mwendo wa gumba peke yake kwanza, hata kama ni kwa mwezi mzima.

Ndipo aje Tabora Jazz, ambako magitaa kadhaa hupishana, naye afuate moja tu, ikiwezekana la rithimu, ambalo vijana hulidharau.

Kuhusu kukaza nyuzi, vipimo vingi hufuata A ya herizi 440, lakini santuri za zamani hazikuwa zikiitii daima. Gitaa likikataa kupatana na wimbo, si lazima nyuzi zikazwe hadi zikatike. Audacity yaweza kuupandisha au kuushusha wimbo wenyewe.

Kipande kikishakamatwa, kiandikwe kwa TuxGuitar, nayo ya bure, inayotumia mistari sita yenye tarakimu za mahali pa kubonyeza. Asiyejua nota ataisoma. Kisha mwanafunzi amtafute mzee aliyewahi kupiga dansi, akampigie. Programu haioni kifundo cha mkono kilichopinda wala gumba lililokakamaa. Mzee ataviona kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.