Mwa-Nani?

Mtu akifa huku Lupepo, Rungwe, kabla ya kwenda makaburini husimama mmoja wa familia akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa fulani, wa tatu kati ya saba. Alibatizwa, alisoma mpaka la nne, alilima kahawa, ameacha mjane na wajukuu kadhaa. Mvua inapiga turubai, vijana wako kwenye simu, na waombolezaji wengi wanasikiliza nusunusu. Wazee ndio wanaosikiliza neno kwa neno, maana wao wanajua ni mstari upi umerukwa. Niliwahi kukaa nyuma ya bibi wawili msibani. Wasifu ulipofika kwa baba wa marehemu, mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko, mwenzake akavuta kanga mdomoni. Basi. Msomaji akaendelea na habari za ubatizo.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya hadithi za kihistoria zinazogusa siri za ukoo, hasa koo za machotara wa enzi ambazo rangi ya mtu iliamua shule yake, hospitali yake na kaburi lake. Tulipoita hadithi, zilikuja. Na nitakuwa muwazi: nyingi zilikuwa hadithi moja. Bibi anafariki, mjukuu kutoka Dar anafungua sanduku la mbao, ndani kuna picha ya Mjerumani mwenye masharubu, mjukuu analia, mwisho. Ilifika mahali nikaanza kuyachukia masanduku yenyewe, hata lile la mama yangu ambalo halina kosa lolote.

Tatizo si picha wala Mjerumani. Sanduku hilo tumeliazima. Limetoka Louisiana, likapita kwenye sinema, likafika kwetu likiwa na siri ya watu wengine ndani.

Kule Kusini mwa Marekani lilikuwa na kazi yake. Mwaka 1892 Homer Plessy, fundi viatu wa New Orleans, Mkrioli chotara ambaye kwa kumtazama ungemwita Mzungu, alipanda behewa la weupe kwa makusudi, akajitambulisha, akakamatwa. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu dhidi yake, na ubaguzi wa matreni, shule na mabomba ya maji ukapata muhuri wa sheria kwa zaidi ya nusu karne. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye ngozi nyepesi aliweza kuhama mji, kubadili jina, kuacha kumwandikia mama yake na kuishi kama Mzungu mpaka kufa. Nella Larsen aliliandika hilo katika riwaya mwaka 1929. Brit Bennett akalirudia mwaka 2020 kwa mapacha wawili wa Louisiana, mmoja akivuka mstari na mwingine akirudi nyumbani. Lalita Tademy aliacha kazi ya kampuni, akafukua kumbukumbu za bibi zake wa Cane River mpaka zamani za utumwa, na mwaka 2001 akatoa riwaya. Sanduku la Louisiana linaficha bibi mweusi. Likifunguliwa, mtu anaweza kupoteza nyumba, ndoa na kazi kwa siku moja.

Sasa tulilete Rungwe. Nani huku angeficha bibi mweusi?

Wamisionari wa Kimoravian walijenga misheni ya Rungwe mwaka 1891. Serikali ya Kijerumani nayo ilitoka Langenburg ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa ikapanda mlimani, ikauita mji wake Neu-Langenburg, ambao sisi tunauita Tukuyu. Walikuja wanajeshi, makarani, walowezi. Mwaka 1906 ndoa kati ya Mzungu na Mwafrika zikapigwa marufuku katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Marufuku ile haikuzuia watoto kuzaliwa, ilizuia baba kuandikwa. Mei 1916 jeshi la Waingereza kutoka Nyasaland likauchukua mji, na Wajerumani wakapelekwa kizuizini. Wengine walirudi baada ya 1925, wakapanda kahawa na chai kwenye miinuko hii hii, kisha mwaka 1939 wakakamatwa tena. Hebu fikiria mtoto wa mwaka 1914 na mdogo wake wa mwaka 1938: kila mmoja baba yake amechukuliwa na askari kabla hajaweza kulitamka jina lake.

Kwa hiyo hapa aliyepotea ni baba. Na jamii ya Wanyakyusa wa huku ilikuwa na njia yake ya kuziba nafasi ya baba asiyekuwepo, njia ambayo haina haja ya sanduku. Njia hiyo ni ng'ombe.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, walilieleza jambo hili kwa kirefu, ingawa mzee yeyote wa Lupepo angewaeleza kwa sentensi mbili: ng'ombe wa mahari ndio wanaomfanya mtoto kuwa wa baba yake. Pasipotolewa ng'ombe, mtoto ni wa upande wa mama, wa babu yake mzaa mama. Mlowezi wa Kijerumani hakupeleka ng'ombe kwa mtu. Tazama basi majina yetu: Mwakyusa, Mwakasege, Mwakipesile. Hiyo Mwa- ya mwanzo inasema huyu ni wa nyumba ya fulani. Mtoto wa Mzungu alipewa Mwa- ya babu yake, akawa katika jina ndugu wa mama yake mzazi. Akachunga na wenzake wa rika, akajenga nao, akaoa kwa ng'ombe wa ukoo uliompokea. Kizazi cha pili hakuna wa kuuliza, cha tatu hakuna wa kushangaa, labda nywele tu za mtoto mmojawapo, na kwa hilo mabibi wana maelezo yao: mama yake alikula sana kitu fulani wakati wa mimba.

Hii ndiyo siri ya kwetu, na ninaiona ni tajiri kuliko ya sandukuni. Kijiji kizima kinaijua. Ni mjukuu tu, aliyezaliwa Dar, ambaye hajaambiwa. Mwandishi anayeifanya siri hiyo kuwa ufunuo wa sura ya mwisho anaandika kwa masikio ya mgeni. Ningependa riwaya inayoiweka wazi katika ukurasa wa kwanza, halafu ikatumia kurasa mia tatu kuuliza yule babu aliyemfanya mjukuu kuwa mwanawe alipata nini, alipoteza nini, na yule binti aliyekuwa akimwita mwanawe "mdogo wangu" mbele ya wageni alilalaje usiku.

Pwani mambo yalikwenda kinyume kabisa. Huko mtoto wa bwana na suria, kwa sheria ya Kiislamu, alizaliwa huru na akamrithi baba yake. Watoto wote wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, waliobaki baada yake walizaliwa na masuria, akiwemo Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 kwa mama Mchirkasi, akatoroka mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi na Mjerumani, na miaka ishirini baadaye akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Baba hakuwa siri hata kidogo. Alitajwa mpaka babu wa saba. Aliyefifia ni mama, hasa akiwa ametoka bara, pengine kutoka ng'ambo hizi za Ziwa Nyasa ambako misafara ya watumwa ilipita. Neno suriama limebaki kwenye kamusi, ila wanaolitamka kwa sauti ni wachache.

Waandishi wetu wakubwa wamelijua hili. M. G. Vassanji, katika The Gunny Sack ya mwaka 1989, anampa Dhanji Govindji mtoto kwa Bibi Taratibu, mtumwa aliyepewa, na mtoto huyo anapopotea baba anaharibu mali, yake na ya jumuiya yake, akimtafuta. Abdulrazak Gurnah, katika Desertion ya mwaka 2005, anaanza na Mwingereza aliyeanguka mbele ya msikiti mwaka 1899, akapenda, akaondoka; vizazi viwili baadaye uvumi wa mapenzi yale unavunja mapenzi ya vijana wa Unguja ambao hawakuwahi kumwona. Hakuna sanduku. Kuna maneno ya jirani. Kwa Kiswahili, Said Ahmed Mohamed alilisokota janga zima la Asali Chungu, mwaka 1977, kutokana na mtoto wa nje asiyekubaliwa na baba. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, aliwavusha Yasmini na Denge mipaka ya rangi ya Unguja ya kikoloni. Bara, na hasa nyanda hizi za juu, bado hatujapata riwaya ya uzito huo kwa lugha yetu. Mpaka leo mtu akitaka kuusoma ukoo wa Kinyakyusa kwa kina anakwenda kwenye vitabu vya Monica Wilson, vya Kiingereza, wakati karatasi zake ziko Cape Town na kumbukumbu za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa toleo hili walinifundisha, nami nililikosa. Nilidhani tukisema Kusini ya ubaguzi tunasema Alabama na Louisiana. Kwa Rungwe, Kusini ni Afrika Kusini. Wanaume wa huku walikwenda kwanza kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, halafu Ukanda wa Shaba, halafu migodi ya Johannesburg, mpaka serikali ya uhuru ilipokataza kuandikisha vibarua kwenda huko. Wengine hawakurudi. Waliobaki kule walizaa katika nchi ambayo tangu 1949 ilikataza ndoa kati ya Wazungu na wasio Wazungu na tangu 1950 ilimwandika kila mtu kwa rangi yake, ikifika hadi kuchomeka penseli nyweleni ili kuona kama itadondoka. Je, mtoto wa Mnyakyusa na mwanamke aliyeandikwa "Coloured" alipewa Mwa-? Na yule mke wa kwanza aliyebaki Lupepo na shamba la migomba, ambaye watu walimtazama kila basi lilipofika, yeye katika hadithi hiyo ni nani? Hadithi mbili za toleo hili zinaanzia hapo. Nilizisoma usiku mmoja.

Hapa jirani nako kuna uwanja ambao haujaguswa. Mwaka 1929, ng'ambo ya mto Songwe, mahakama ya Nyasaland iliamua kwamba chotara si "mwenyeji" kwa maana ya sheria, na mwaka huo huo machotara wa huko wakaunda chama chao. Mwanahistoria Christopher Lee aliwaandikia kitabu mwaka 2014. Mto ule unavukwa na ndugu kila siku ya soko. Inawezekana kabisa kaka mmoja alikuwa Mwa- upande huu na mwingine akidai jina la baba wa Kiskoti upande ule. Riwaya hiyo nani anaiandika?

Najua wapo watakaoniambia machotara walikuwa wachache, kwamba kurasa hizi zingewafaa wakulima wa chai au waliohamishiwa vijiji vya ujamaa. Idadi naikubali. Lakini serikali zote mbili za kikoloni zilitumia muda mwingi kuamua mtu ni wa daftari lipi, na chotara ndiye aliyeonyesha kuwa madaftari yenyewe yalikuwa ya kubuni. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, bunge la Tanganyika lilibishana kama uraia utolewe kwa rangi, na Nyerere akasema wazi kwamba hoja hiyo ikipita serikali yake itajiuzulu. Haikupita. Miezi ile ni mali ya mwandishi yeyote mwenye mhusika ambaye hakujua angesimama foleni ipi.

Kuhusu adabu ya kazi hii, tumekuwa wakali. Hadithi iliyotaja ukoo ulio hai bila idhini tumeirudisha, hata ilipokuwa nzuri, na moja ilikuwa nzuri sana. Mwandishi wa hadithi ya siri hana haki ya kumalizia msiba wa watu kwa kusoma ule mstari uliorukwa.

Kwa toleo lijalo tunaomba kitu kimoja. Msomaji mwenye cheti cha ubatizo cha nyumbani kwao cha kabla ya 1939, ambacho sehemu ya baba iko wazi au imefutwa na kuandikwa upya, atutumie nakala pamoja na maelezo mafupi ya yale ambayo wazee wamekubali yasemwe. Jina la ukoo alifunike kwa karatasi kabla ya kupiga picha.