Chombo Kiliacho Uani

Kutafuta vyuma vilivyozikwa uani, kwa chombo kile kiliacho kikikaribia chuma, ni mchezo mwema wa baba na wanawe. Katika Katanga wahenga walisubu misalaba ya shaba wakaitumia kama fedha. Nani asingefurahi kuuona mmoja? Malakiti itawapita: ina shaba ndani yake, lakini kwa kawaida chombo hukaa kimya. Ila Likasi, ilipokuwa ikiitwa Jadotville, ilipatwa na vita Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa wakazingirwa siku tano. Chombo hulia kwa shaba, hulia pia kwa kombora. Kwa hiyo twawasihi: mtoto asichimbe peke yake, kikionekana kitu chenye umbo la risasi au bomu, kisiguswe, watoto waondoshwe, na polisi waarifiwe.