Vifo vya Wazazi: Kikao Kilindwe, Faili Lisifichwe

Mama anapofariki wakati wa kujifungua, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete, au katika hospitali nyingine yoyote nchini, kazi ya watumishi haiishii kwenye kuwakabidhi ndugu mwili. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 kuhusu kufuatilia na kupitia vifo vya wazazi na watoto wachanga unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku 7. Daktari, mkunga, mtaalamu wa maabara, mfamasia na viongozi wa hospitali huketi pamoja, wakafungua faili na kuulizana: alifika saa ngapi, nani alimpokea, damu iliombwa lini, na kama ilichelewa, ilichelewa wapi.

Kanuni ya kikao hicho ni kutotaja jina wala kumlaumu mtu. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mkunga wa zamu ya usiku ndiye ajuaye kwamba daktari aliitwa mara tatu, au kwamba yeye mwenyewe alikuwa na wazazi wengi kuliko mikono yake. Asiposema, hakuna mwingine wa kusema. Lakini akisema, je, maneno yake hayatamrudia?

Mwongozo unamwahidi usiri. Hata hivyo, mwongozo wa wizara si sheria iliyopitishwa na Bunge, na ahadi yake haina nguvu ya sheria mbele ya mahakama au polisi. Wala haimzuii kiongozi aliyefika wodini akiwa na waandishi wa habari. Tumeyazoea mambo hayo: muuguzi anasimamishwa kazi hadharani kabla kikao hakijaketi. Watafiti waliozungumza na watumishi wa afya hapa nchini wameikuta hofu hiyo ya kulaumiwa, na mwenye hofu hukumbuka machache. Kilicho rahisi kuandika ni kwamba mgonjwa alichelewa kufika. Katika mkoa mpana kama wetu, ambako wajawazito hutoka Sikonge, Urambo na Kaliua, maneno hayo huaminika upesi, na mara nyingi ni ya kweli. Tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, Tabora imepokea watu waliochoka kwa safari. Lakini aliyefika akiwa hai akafia ndani hawezi kuhesabiwa kuwa amekufa kwa sababu ya barabara peke yake, na marehemu hana nafasi ya kujibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa anayeficha ni mmoja na anayekufa ni mwingine.

Je, basi, itungwe sheria ya kuwapa kinga washiriki wa vikao hivi? Tunaona kwamba ndiyo, ila kwa mipaka. Marekani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1986, ikiwakinga madaktari wanaopitia kazi ya wenzao wasidaiwe fidia. Kinga hiyo ina masharti: wawe wametenda kwa lengo la kuboresha huduma, wametafuta ukweli kwa bidii ya kutosha, na wamempa mwenzao taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Masharti hayo hayakuwa ya bure. Katika mji wa Astoria, jimbo la Oregon, daktari mmoja wa upasuaji alidai kwamba wenzake waliokuwa washindani wake walitumia mapitio kumwondoa hospitalini, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaamua kwa upande wake. Kikao kinaweza kuwa silaha pia.

Waamini wengine watalinganisha kikao hiki na kiti cha kitubio. Tusilinganishe. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, kama Kanuni ya 983 inavyoagiza. Siri ya kazi, ikiwemo ya mganga, Katekisimu inaizungumzia penginepo, katika namba 2491: nayo yapasa kutunzwa, lakini ina kikomo pale ambapo kuitunza kungeleta madhara makubwa sana. Kwa hiyo kinachostahili kinga ni maneno yaliyosemwa kwa nia njema ndani ya kikao. Faili la mgonjwa, saa zilizoandikwa na dawa alizopewa si mali ya kikao. Vilikuwapo kabla yake. Mtumishi aliyefika kazini akiwa amelewa, au aliyedai rushwa mama akivuja damu, asijifiche humo.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo: vifo vya wazazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Kadiri idadi inavyopungua, ndivyo kila kifo kilichobaki kinavyohitaji kuelezwa kwa undani zaidi.

Hospitali zetu za Kanisa, kama Ndala kule Nzega, nazo zinahusika. Hazina haja ya kungoja Bunge ili zijiwekee utaratibu. Tungependa uanze na jambo moja: baada ya kikao, mganga mfawidhi amwite mume au mama wa marehemu, amketishe, amweleze kilichotokea kwa lugha anayoielewa, Kinyamwezi ikibidi, kabla ya arobaini.