FUNDI WA NYUMBANI: Sauti ya nyanya imepotelea wapi?

Juma hili tunajibu barua kutoka Elwak, mji wa visima ulio Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia.

Aliyetuandikia ni mwanafunzi wa chuo aliye likizoni. Amenunua jozi ya spika za studio, zile zenye amplifaya ndani yake, ili azisikilize vizuri kaseti za nyanya yake ambazo amezihamishia kwenye kompyuta. Nyanya huyo, ayeyo kama wanavyomwita, alikuwa hodari wa buraanbur, tungo za wanawake wa Kisomali ambazo huimbwa arusini na katika shughuli nyingine. Hayuko tena duniani. Kilichobaki ni sauti yake.

Shida za kijana huyu ni mbili. Akicheza muziki wa kawaida, ala zinasikika lakini mwimbaji ni kama yuko ndani ya kisima. Akicheza kaseti ya ayeyo, hasikii kitu ila mvumo. Fundi wa jirani amemshauri aikate ile pini ndefu ya plagi ili mvumo uishe. Anauliza: je, aikate?

La, hasha! Weka hicho kisu chini kwanza, halafu tuzungumze.

Pini hiyo ndefu ndiyo njia ya umeme kwenda ardhini. Spika nyingi za studio zina bamba la chuma mgongoni. Waya wa moto ukilegea ndani na kugusa chuma hicho, umeme hukimbilia ardhini, fyuzi inakatika na wewe unasalimika. Pini ikikatwa, chuma hubaki na umeme kikimsubiri mtu wa kukigusa, na umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Huenda mvumo ukaisha kweli, lakini pia huenda ukaisha pamoja na mtu.

Sasa tuitafute sauti ya ayeyo. Tazama ncha ya waya uliotoka kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Ina mistari miwili myeusi, maana hubeba sauti mbili: ya kushoto na ya kulia. Bwana huyu anaeleza kuwa hata zile ncha kubwa alizochomeka kwenye spika zina mistari miwili. Hapo ndipo penye kosa.

Tundu kubwa la spika za studio aghalabu hutarajia sauti moja tu, iliyoletwa kwa nyaya mbili. Waya mmoja huileta ilivyo, wa pili huileta imepinduliwa. Spika huchukua ya kwanza na kutoa ya pili. Kelele iliyoingia njiani huwa sawa katika nyaya zote mbili, hivyo hujifuta yenyewe. Ni hila nzuri sana.

Lakini ukiipelekea spika hiyo sauti ya kushoto na ya kulia kwa pamoja, itafanya hesabu ile ile: kushoto toa kulia. Katika muziki mwingi mwimbaji huwekwa katikati, yaani yuko sawa pande zote mbili. Tano toa tano ni sifuri, kwa hiyo mwimbaji anatoweka. Nazo kaseti za nyumbani zilizorekodiwa kwa maikrofoni moja zina sauti ile ile kushoto na kulia. Ayeyo mzima akawa sifuri! Kaseti haijaharibika, ndugu yangu. Ni waya.

Dawa yake ni rahisi. Nunua waya wenye ncha moja ndogo ya milimita 3.5 upande wa kompyuta, unaogawanyika kuwa ncha mbili kubwa za milimita 6.35, kila moja ikiwa na mstari mmoja tu mweusi. Moja iende spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Ukimwagiza mtu akununulie Luthuli Avenue, Nairobi, mwambie ahesabu mistari kabla ya kulipa, maana kutoka huko hadi Elwak si safari ya kurudisha waya.

Tuje kwenye mvumo. Kama kompyuta yako ni ya kubeba, ng'oa chaja, itumie kwa betri tu. Mvumo ukikoma, umempata mwizi: kompyuta na spika zimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, na waya wa sauti umezifunga njia hizo zikawa duara. Umeme huzunguka humo, nawe unausikia. Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, kwa ubao mmoja wa soketi wenye waya wa ardhi. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, tafuta kijisanduku chenye transfoma ndogo za kutenganisha sauti, kikae kati ya kompyuta na spika.

Aliye na uwezo zaidi na anunue kadi ya sauti ya nje, ya kuchomeka kwenye tundu la USB, iliyo na matundu ya kuingiza na ya kutoa sauti. Kaseti itaingilia humo, na spika zitapokea sauti kwa ile njia ya nyaya mbili. Hapo ndipo ncha za mistari miwili zinapofaa, waya mmoja kwa kila spika.

Kwa miaka mingi Elwak imepata umeme wa kituo chake cha dizeli, mbali na gridi ya taifa. Umeme ukipanda na kushuka, weka kilinda-umeme. Ukitumia inverta ya sola, chagua ile ya mawimbi laini, kwani zile za bei rahisi huweza kuleta mlio wake. Washa spika mwisho, zizime kwanza. Zifunike kwa kitambaa dhidi ya vumbi, lakini zikiwa zimezimwa tu, maana amplifaya inahitaji hewa.

Mwaka 1988, kabla ya Hargeisa kupigwa mabomu, watu wa redio walizificha kaseti za muziki chini ya ardhi, na nyingi zikaokoka. Wewe msomaji huhitaji kuchimba shimo. Kama kuna kaseti za wazee kabatini, zihamishe sasa, kwani utepe nao huzeeka.

Nawe kijana wa Elwak, badilisha waya, wakusanye jamaa, kisha umwache ayeyo aimbe.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.