Petroli yenye risasi: funzo la miaka 100

Mwaka 1921, watafiti wa kampuni ya General Motors nchini Marekani waligundua kuwa risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga.

Hatari yake haikuwa siri. Mwaka 1924, wafanyakazi kadhaa wa viwanda vya mchanganyiko huo walikufa kwa sumu. Hata hivyo, wanasayansi waliofadhiliwa na kampuni husika walishikilia kuwa madhara kwa umma hayajathibitishwa.

Marekani iliipiga marufuku katika magari ya barabarani mwaka 1996. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwaka 2006. Algeria, nchi ya mwisho, mwaka 2021.

Mzigo wa kuthibitisha waliachiwa walioivuta hewa hiyo, wakiwamo watoto, ambao risasi hudumaza akili zao. Kampuni inapotangaza kuwa hakuna ushahidi wa madhara, la kuuliza ni hili: nani aliyeutafuta, na kwa fedha za nani?