Dari Iliyolowa Maji



Mvua za mwisho wa masika huku Butihinda hazina huruma kwa mabati yaliyozeeka. Mwezi uliopita alinibishia hodi alfajiri jirani yangu, mke wa polisi aliyekuwa zamu ya usiku mpakani Kobero. Dari ya jasi ya chumba cha watoto ilikuwa imevimba katikati kama tumbo la chungu, na maji yakidondoka kitandani. Watoto alikwisha kuwahamisha. Hilo ndilo la kwanza, naye alilifanya bila kufundishwa na mtu.

La pili ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, kwani maji hufuata nyaya mpaka kwenye taa. La tatu huwashangaza wengi: kuitoboa dari. Ubao mkavu wa jasi wenye unene wa milimita 12 na nusu una uzito wa kilo 8 au 9 hivi kwa mita ya mraba. Maji yaliyotuama juu yake kina cha sentimita 1 tu huongeza kilo 10, na ubao wenyewe umekwisha kulainika. Tulisimama kando, tukatoboa kwa bisibisi iliyofungwa kwenye fimbo ndefu, na ndoo ikajaa.

Mwezi wa Desemba mama huyu alimlipa fundi aikarabati dari hiyo hiyo. Fundi alipaka plasta na rangi, akaondoka, paani hakupanda. Mume aliporudi kutoka zamu alipanda mwenyewe. Tundu halikuwa juu ya doa, maana maji hutambaa kwenye mbao za kenchi kabla ya kudondoka. Alilikuta mbali kidogo, penye msumari uliopigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, na mpira wake umepasuka kwa jua. Aliuziba kwa lami, kisha akamwagia ndoo ya maji kupima.

Baada ya hapo ni kungoja, jambo gumu kuliko kazi yenyewe. Fungua madirisha mpaka ubao ukauke kabisa, hata ikichukua majuma mawili. Ubonyeze kwa kidole gumba: ukiwa mgumu na ulionyooka, uache. Uliolegea, uliopinda au wenye ukungu mweusi haurudii hali yake. Ukate kwa pembe nne mpaka katikati ya mbao zinazoubeba, ili kipande kipya kipate pa kushikilia skurubu, moja kila sentimita 15. Ziba maungio kwa utepe na plasta nyembamba mara tatu, kila mara ikauke, ndipo upige msasa. Doa la kahawia lipake kwanza rangi ya mafuta, la sivyo litajitokeza tena katika rangi ya maji.

Mwenye dari ya mikeka ya mafunjo atatucheka: yeye huishusha na kuianika juani. Lakini anayekaa katika nyumba ya zamani yenye dari ya vipande vigumu vya kijivu, mfano wa saruji, asikate wala kupiga msasa. Huenda vina asibesto, na vumbi lake huua mapafu polepole.

Jirani yangu hajapaka rangi bado. Asema atangoja kwanza mvua mbili kubwa, na watoto wangali wakilala sebuleni.